Mlango Umewakosea Nini?

Mimi ni fundi wa mbao hapa Nakuru, kibanda changu kiko Kaptembwo kando ya barabara, na nimechoshwa na mastaringi. Wote. Wa bunduki, wa karate, hata yule wa Kihindi anayeanza kuimba mvua ikimnyeshea. Hakuna hata mmoja aliyefunzwa kwao kubisha hodi. Akifika mlangoni, mguu juu, puu! Mlango mzima unang'oka na fremu yake, unamlalia adui, halafu bwana mkubwa anapita juu yake na viatu vya matope. Na watu wanashangilia. Mlango umewakosea nini?

Usidhani nasema kwa wivu. Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video. Bati juu, pazia jeusi mlangoni, mabenchi ambayo hayajawahi kuonana na randa, unatoka hapo suruali imeshika vibanzi. DJ Afro ndiye aliyenisomesha sinema. Mchina anapigana, Mmarekani anapigana, yeye anawatafsiria wote kwa lugha yetu ya mtaani mpaka unasahau kwamba maneno hayo hawakuyasema wao. Nilipokuja kuziona filamu zile zile bila sauti yake, niliona zimepungua chumvi. Lakini hata yeye, pamoja na mdomo wote aliojaliwa, sijamsikia akiusikitikia mlango.

Sasa nikueleze mlango wa kweli. Mahogani iliyokauka vizuri, bawaba tatu, kitasa kimezama ndani ya mbao, fremu imeshikwa ukutani kwa saruji. Huo ukiupiga teke, kinachovunjika kina vidole vitano. Mteja wangu mmoja wa Free Area alithibitisha. Alirudi usiku, funguo kazisahau ndani, mke amesafiri, na nadhani jioni ile alikuwa ametazama muvi. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja kwa kasi. Jumatatu nikamwona anashuka kwenye tuktuk na mikongojo, mguu umefungwa plasta hadi gotini.

"Fundi, ule mlango wako ni mgumu sana."

Nikamwambia asante sana, mzee, karibu tena. Kumbe hakuja kusifu. Amekuja kudai nimpunguzie salio kwa sababu ya gharama za hospitali. Katika kazi hii nimelaumiwa milango inayokwaruza sakafu, nimelaumiwa inayovimba msimu wa mvua, nimelaumiwa hata mlango aliotengeneza mtu mwingine. Kulaumiwa mlango uliokataa kuvunjika, hilo nililetewa na sinema.

Halafu kuna Titanic. Hiyo naipenda, na mama watoto anaipenda kunishinda, lakini tukiitazama tunalala tumepeana migongo. Yeye kila mara ni yale yale: meli imezama, yule msichana kalala peke yake juu ya mlango unaoelea, ni mchoyo, angesogea kidogo Jack naye apande. Mimi namwambia nafasi si neno, tatizo ni uzito. Ubao mmoja unaweza kuwatosha wawili kwa upana na bado ukazama nao wote. Mbao hubeba kilo, haibebi mapenzi. Hapo naambiwa sina moyo.

Mwenye filamu mwenyewe, James Cameron, aliitoa mwaka 1997, na kelele za huo mlango hazikumwacha mpaka 2023 akaamua kufanya majaribio. Akatafuta wataalamu wa baridi, akatafuta watu wa kuingizwa majini, akajenga ubao mwingine wa mfano, akapima huku na huku, mwishowe akakubali kwamba wakijipanga hivi na vile huenda kijana angepona. Wataalamu wote hao, na hakuna aliyekuja kuuliza fundi. Hiyo ningemwambia kwa bei ya chai na mandazi.

Mwaka 2024 ubao ule wa kwenye filamu ukapigwa mnada Marekani. Dola 718,750! Hizo ni zaidi ya milioni tisini zetu. Nikasema basi ni mvule, au mpingo, au kitu kilichotoka bustani ya Edeni. Nikaambiwa ni balsa. Balsa, jamani! Ule mti mwepesi ambao ukucha unauchimba. Mimi nikimtajia mtu bei ya kitanda cha mahogani, anashika kichwa, anazunguka kitanda, anakipiga ngumi, ananiuliza kama kinakuja na godoro na bibi wa kulala naye.

Na kilichonimaliza kabisa ni kusikia kwamba hata mlango wenyewe haukuwa mlango. Ilikuwa sehemu ya fremu ya juu ya mlango. Fremu! Miaka yote hiyo tunagombana chumbani, mlango unatukanwa dunia nzima, na mwenye kosa ni fremu.

Vitabu navyo ninavyo vyangu, nanunua inama pale mjini, vimetandazwa juu ya turubai kando ya njia, na ukitaka kuona cha chini kabisa lazima mgongo ukubali. Nasoma stima ikipotea. Mashine zikinyamaza, sitafutwi na mtu, nakaa juu ya rundo la mbao na kitabu changu. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa sababu fundi kwao ni mtu wa penseli sikioni tu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni Pinocchio, na usicheke. Watu wanakijua kwa katuni, wanadhani ni habari za pua. Kitabu chenyewe ni cha Mwitaliano Carlo Collodi, kilitoka 1883, na kinaanza na fundi wa mbao. Fundi kachukua kipande cha gogo atengeneze mguu wa meza, kainua shoka, gogo likamlilia asilipige kwa nguvu. Unajua alifanya nini? Alimpa rafiki yake Geppetto. Hizo ndizo akili za kazi. Mbao ikiwa na matatizo, mzawadie mwenzako.

Geppetto maskini akakaa chini akachonga kikaragosi. Mikono imekamilika tu, kikamvua wigi. Miguu imekamilika, kikampiga teke. Kikafunzwa kutembea, kikatoroka barabarani, na askari alipofika akamkamata nani? Fundi! Eti anaonekana mkali, atakiumiza. Usiku ule aliyetengeneza alilala ndani, kilichotengenezwa kikalala nyumbani. Na hapo bado. Alipoachiliwa, theluji inaanguka, aliuza koti lake la pekee amnunulie huyo mtoto kitabu cha alfabeti aende shule. Mtoto akakiuza kitabu apate kiingilio cha kutazama vikaragosi.

Nilipofika hapo niliinua macho nikamtazama kijana wangu, ambaye likizo huja kunisaidia kupiga msasa. Nilimnunulia kamusi mpya, nene, ya kuhimili miaka minne. Kilichobaki nyumbani ni jalada. "Baba, mbona unaniangalia hivyo?" Nikamwambia endelea kupiga msasa.

Kingine ni kile kinene cha Herman Melville, Moby-Dick, cha 1851. Kuna sura za kuelezea nyangumi mpaka unatamani nyangumi mwenyewe atokee akatize maelezo. Hizo nilizipita mbio. Mimi nilikaa na fundi wa meli. Baharia mmoja, Queequeg, kaugua, kajiona anaondoka, akaagiza jeneza lake kabla hajafa. Fundi akaja na kipimo, akampima akiwa hai, akachonga, akamaliza, mgonjwa akalala ndani kulijaribu, akaridhika. Halafu akapona! Eti amekumbuka kuna shughuli alikuwa hajaimaliza nchi kavu. Nilishusha kitabu nikajiuliza jambo ambalo Melville hakuliandika: salio linalipwa na nani?

Jeneza likafanywa sanduku la nguo. Baadaye boya la meli likapotea, fundi akaamrishwa aligeuze jeneza liwe boya, apigilie kifuniko, azibe nyufa, apake lami. Fundi akanung'unika kutoka moyoni. Akasema yeye hapendi kazi za kuungaunga, anataka kazi safi yenye mwanzo wake na mwisho wake. Nilimwita ndugu yangu papo hapo. Mimi huletewa kitanda kilichovunjika mbavu na kuambiwa, "Fundi, nigeuzie hiki kiwe kochi, na mbao zikibaki nitengenezee stuli."

Na ile kazi ya kuungaunga ndiyo iliyosimama! Meli ilizama na watu wake wote, akabaki mmoja tu anaelea juu ya jeneza hilo hadi akaokolewa. Hapo hakuna wa kuuliza kama nafasi ilitosha. Lakini tafuta jina la fundi huyo ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hulipati. Nyangumi ana jina. Fundi ni fundi tu.

Upande wa majeneza, sinema imenitendea haki kidogo. A Fistful of Dollars, 1964, Clint Eastwood anapita mbele ya fundi wa majeneza, bila kusimama, anamwambia atayarishe matatu. Anaenda, bunduki zinalia, anarudi, anaomba radhi: ni manne. Mteja wa aina hiyo namtafuta. Anaagiza mapema, anajua idadi, na akikosea hesabu anaongeza oda. Wangu hupunguza. Django wa 1966 sina haja naye, anaburuta jeneza matopeni na bunduki kubwa ndani, anamaliza kitako cha jeneza bure.

Kabati la Narnia nisingelitaja kama si wateja. C. S. Lewis aliandika kabati ambalo watoto wanaingia wanatokea nchi nyingine, na kitabu chake kingine kinaeleza mbao ilitoka kwenye mtofaa ulioota kwa tunda la nchi hiyo hiyo. Sawa. Lakini mtu wa chumba cha futi kumi kwa kumi ananiagiza kabati la nguo za watu sita, mablanketi, masufuria ya wageni na mtungi wa gesi, na lisizibe dirisha. Huyo hataki fundi, anataka mtofaa.

Cha nyumbani ni Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora. Binti yangu alikuwa akikisoma kwa ajili ya mtihani, nami nikikisikiliza kutoka jikoni. Mwalimu Majisifu kaiba mswada wa Amani, kauchapisha kwa jina lake, anatembea kifua mbele. Binti akaniambia hayo ni maudhui. Nikamwambia hayo si maudhui, huyo ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Alikuja kibandani kwangu akajifanya mteja, akaisifu sofa yangu, akaipiga picha mbele, nyuma, chini ya mito, akaniuliza hata sponji nainunua wapi. Haukupita muda, sofa ile ile ikawa imewekwa nje kwake, imefungwa utepe, na bango: "Mtindo Mpya". Binti alikuwa anahitaji mfano wa ufisadi kwa insha, nikamtolea.

Sasa nyumbani kwangu nina ombi moja tu. Filamu ikiisha, msizime. Yale majina yanayopanda mwishoni mimi huyasoma, kwa sababu ukivumilia, baada ya waigizaji, na wapishi, na madereva, hufika mahali wameandikwa maseremala. Kwa majina yao! Herufi ndogo kama chawa, zinapita mbio, lakini zipo. Nikisogea karibu na skrini, rimoti imeshabonyezwa, tuko kwenye kipindi cha mapishi.

"Baba Boi, unasoma nini hapo? Unawajua hao?"

"Hao ndio waliotengeneza ule mlango."

Kijana wangu akacheka mpaka akakohoa. "Baba, si hao ndio wanaoutengeneza uwe mwepesi, ndiyo uvunjike?" Akanieleza kwamba milango ya kupigwa teke hutengenezwa makusudi, mbao hafifu, imeshakatwa kabla. Eti kwenye The Shining, filamu ya 1980, Jack Nicholson alipewa mlango wa aina hiyo aupasue kwa shoka, na kwa vile aliwahi kujitolea zimamoto, aliumaliza upesi mno mpaka wakalazimika kumtengenezea wa kweli.

Nilinyamaza. Mtu anaamka asubuhi, anatengeneza mlango dhaifu, unavunjwa mbele yake, anapongezwa, kesho anaagizwa mwingine. Hakuna salio, hakuna plasta, hakuna anayerudi kulalamika.

Nikamuuliza kijana wanalipwa kwa siku au kwa kipande.