Kipepeo wa Forodhani

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye kwa hisani simtaji, ameshaeneza simulizi yake tangu Jumamosi usiku, na kwa kuwa katika simulizi hiyo mimi nimeopolewa na ngarawa ya wavuvi watatu, naona ni wajibu wangu kusahihisha. Hapakuwa na ngarawa. Niliokolewa na mtoto wa miaka kama minane, aliyekumbatia dumu tupu la mafuta la lita 5.

Mnaonijua mnafahamu kwamba mimi ni mtu wa Koani, katikati ya kisiwa, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyazoea utotoni yalikuwa ndani ya kisima. Nimekaa mjini miaka ishirini bila ya mtu yeyote kuniuliza kama najua kuogelea, kwani watu huamini kwamba aliyezaliwa Unguja ameogelea kabla ya kutambaa, nami sikuona sababu ya kuwatoa katika imani hiyo. Mwezi uliopita nikaamua kujifunza kimyakimya, kwa kusoma kwenye simu. Nikasoma kwamba katika mashindano ambayo mtu mmoja huogelea mitindo yote minne, huanza kwa kipepeo, akafuatia chali, kisha chura, na mwisho mtindo huru. Huo nikaufahamu kuwa ndio mpangilio wa kujifunza.

Sasa nimeshaelezwa, na nyinyi mnaonitumia picha za vipepeo tangu asubuhi mna ruhusa ya kuiruka aya hii. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kutoa pumzi ndani ya maji na kuelea. Baada ya hapo walimu wengi humpa mtindo huru na chali, kwa sababu miguu ya mitindo hiyo miwili hupigwa kwa kupokezana, na ukishaijua ya mmoja umekaribia kuijua ya mwengine. Wako pia wanaoanza na chura, kama ilivyozoeleka Ujerumani. Kipepeo huachwa mwisho karibu kila mahali. Hata katika historia kilichelewa: kilizaliwa ndani ya mashindano ya chura, waogeleaji walipogundua kwamba sheria haikuwakataza kuirudisha mikono mbele juu ya maji, kikatengwa kuwa mtindo wake mwaka 1952, na kikaingia Olimpiki mwaka 1956 kule Melbourne. Mimi nilikianza kitandani, nimelalia mto, usiku wa tatu mfululizo, mpaka mama watoto akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Jumamosi ilikuwa bamvua, na siku za bamvua maji yetu hujaa alasiri, kwa hivyo nilipofika Forodhani bahari ilikuwa imepanda ukutani na vijana wanajirusha kama kawaida yao. Rafiki yangu akasema, kwa mzaha tu, kwamba watu wa shamba hawawezi hayo. Nikavua shati.

Naomba hapa twende polepole, maana ndipo anapopotosha. Niliruka vizuri. Nilizuka vizuri pia, na mkupuo wa kwanza, mikono yote miwili hewani kwa pamoja na kifua juu, ulikuwa mzuri kiasi cha kwamba mtalii mmoja ukutani alipiga makofi. Nguvu ile ilikuwa ya kuruka, si yangu. Mkupuo wa pili mikono ilikataa kutoka majini. Nikakumbuka kwamba katika kipepeo miguu hupigwa pamoja, mara mbili kwa kila mkupuo, nikaipiga kwa nguvu zangu zote, na hapo bukta yangu, ambayo lastiki yake nilikuwa nimeidharau tangu mwezi wa Ramadhani, ikashuka taratibu mapajani, ikatua magotini, ikakaza. Sheria ya kipepeo hairuhusu miguu kupokezana. Nathubutu kusema kwamba hajawahi kutokea muogeleaji aliyeitii sheria hiyo kunishinda mimi.

Nikanywa maji. Nikayasikia makofi kwa mara ya pili, safari hii ya watu wengi, maana kwa mbali kuzama na kipepeo havitofautiani sana. Kisha nikasikia sauti nyembamba karibu na sikio langu: “Babu, lala chali!” (Nina miaka arubaini na mmoja.) Wenzangu, hebu tafakarini hali yangu: nikilala kifudifudi nitakufa na heshima yangu, na nikilala chali nitaishi, lakini mbele ya ukuta mzima wa watu walioshika mabakuli ya urojo. Nikageuka chali. Aliyeniambia kwamba uhai ni mtamu hakuniambia kwamba ladha yake ni ya chumvi.

Mtoto akanisukumia dumu. Nikapafunika nalo palipostahili kufunikwa, akaniambia nikilishika hivyo halitanielesha, nikalihamishia kifuani kwa masikitiko, nikajipindua na kuanza kupiga miguu kama chura kuelekea ngazini. Kwa teke la tatu bukta ikanitoka yote. Mita chache za mwisho nilizimaliza kwa mikono na magoti juu ya vidato vya ngazi, kwa mtindo ambao hauna jina, na usio na jina nadhani unaruhusiwa kuitwa huru. Kwa hivyo, rafiki yangu, unapohadithia, hadithia na hili: kipepeo, chali, chura, huru, kwa mpangilio ule ule wa mashindano, na sikuruka hata kimoja.

Mtu akanitupia kikoi, nikapanda daladala, nikafika nyumbani nikakuta habari imeshanitangulia. Jumapili alfajiri nilirudi na dumu langu mwenyewe. Mwalimu wangu alikuwa ameshafika, akanitaka nitumbukize uso majini na kupuliza mapovu mara hamsini. Nilipomuuliza kipepeo tutakifika lini, alisema kwamba hata yeye hajakifika, na kwamba kwanza niende nikashone lastiki.