Maktaba ya tajiri na ujira wa kibarua

Anayetaka matajiri wakubwa na kampuni kubwa watozwe kodi zaidi huambiwa ana wivu. Naona shutuma hiyo inamwonea. Hampingi tajiri kutoa. Anauliza mali hiyo ilichumwaje, na nani aamue itumikeje.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, hanitoki akilini. Mwaka 1889 aliandika kwamba anayekufa akiwa ameng'ang'ania utajiri wake hufa kwa fedheha, na kweli akatoa: maktaba zaidi ya 2,500 zilijengwa kwa fedha zake. Lakini mwaka 1892, katika kiwanda chake cha chuma cha Homestead, Pennsylvania, uongozi ulitaka kupunguza ujira. Watu waliuawa katika mapambano na walinzi wa kukodiwa, chama cha wafanyakazi kikavunjwa, na zamu ya saa 12 ikawa jambo la kawaida. Mwaka 1898 Homestead ikafunguliwa maktaba nzuri. Aliyeshinda mbele ya tanuri saa 12 akasome saa ngapi? Kama angeulizwa, huenda angechagua zamu fupi na ujira wake wa awali, vitabu akanunua mwenyewe. Hakuulizwa. Akapewa zawadi iliyotokana na jasho lake, kisha akatarajiwa kushukuru.

Upande wa pili, wa wanaotetea hisani badala ya kodi, una hoja, na mojawapo ni nzito. Mwaka 1987 kampuni ya dawa ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya ivermectin dhidi ya usubi, ugonjwa unaopofusha, kwa muda wote itakapohitajika. Ahadi hiyo imedumu miongo kadhaa. Kodi peke yake isingeleta dawa ile. Ilihitaji maabara, wataalamu na kiwanda ambavyo kampuni ilikuwa navyo tayari. Isitoshe, kuna serikali zinazofuja kodi, na hilo halina ubishi.

Mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman naye aliandika mwaka 1970 kwamba meneja anayegawa fedha za kampuni anagawa mali ya wengine. Nakubaliana naye kuliko wengi wanavyodhani. Ila alitaka faida itafutwe ndani ya sheria na maadili ya jamii, na hapo ndipo penye tatizo: kampuni kubwa ina mawakili na washawishi wanaoshiriki kuzitunga sheria hizo, kisha huhamishia faida kwenye visiwa visivyotoza kodi. Mwaka 2021 zilihitajika zaidi ya nchi 130 kukubaliana kwamba kampuni zenye mapato ya euro milioni 750 na zaidi kwa mwaka zilipe kodi ya angalau asilimia 15 ya faida. Mshindani mdogo asiye na tawi ng'ambo hana pa kuhamishia faida. Hulipa kiwango cha nchi yake chote.

India ilichagua njia ya kati mwaka 2013, kwa kuzidai kampuni kubwa asilimia 2 ya faida kwa ajili ya jamii. Si haba, lakini miradi bado huchaguliwa na kampuni. Mimi ningeanzia kwenye hesabu: ripoti ya kampuni inayoonyesha picha za madarasa yaliyofadhiliwa ionyeshe pia, nchi kwa nchi, faida iliyochumwa na kodi iliyolipwa.