Baiskeli mbili za mwanzo: gia nyingi au diski?

Mdogo wangu alinitumia picha mbili usiku, na chini yake swali ambalo tayari alikuwa amelijibu mwenyewe: "Kaka, hii ina gia 18, ile ina 16 tu. Bei ni ile ile. Si nichukue ya 18?"

Zote mbili ni baiskeli za barabarani za daraja la mwanzo, zenye usukani uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo. Zote zina fremu ya alumini na foki ya kaboni. Ya kwanza imefungwa gia za Shimano Sora, sproketi (vigurudumu vya meno vya cheni) 9 nyuma, breki za kubana rimu na tairi za milimita 25. Umbo lake ni la mbio: usukani uko chini na mbali. Ya pili ina Shimano Claris, daraja moja chini ya Sora, sproketi 8, breki za diski zinazovutwa kwa waya, tairi za milimita 32, na usukani ulioinuka kidogo. Ya kwanza ni nyepesi kwa karibu kilo nzima. Mtengenezaji wa baiskeli ya bei nafuu ana fungu moja tu la fedha: akilitia kwenye diski, gia zinashuka daraja; akilitia kwenye gia, breki zinabaki za zamani. Ndiyo maana jozi ya namna hii huwakuta wanunuzi wengi wa mara ya kwanza.

Nianze na gia, maana ndizo zilizomteka. Mbele, baiskeli zote mbili zina magurudumu mawili ya meno, moja la 50 na moja la 34; ndiyo maana 9 za nyuma huhesabiwa gia 18, na 8 huhesabiwa 16. Nyuma, zote zinaanzia meno 11 na kuishia 32. Kwa hiyo gia nzito kabisa ni ile ile na nyepesi kabisa ni ile ile. Kwenye mlima mkali, ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, ukizungusha miguu mara 80 kwa dakika, utakwenda karibu kilomita 11 kwa saa juu ya baiskeli yoyote kati ya hizi mbili. Anayedhani gia 18 zitampandisha mlima ambao 16 zimeshindwa atahema vilevile.

Tena hizo 18 hazifiki 18. Gia 50 mbele na 24 nyuma huzungusha gurudumu mara 2.08 kwa kila mzunguko wa pedali; 34 mbele na 16 nyuma huzungusha mara 2.13. Mguu hauwezi kuzitofautisha, lakini kwenye tangazo zimehesabiwa mbili.

Tofauti ya kweli iko katikati, na hapo siwezi kuidharau Sora. Sproketi 8 za Claris hupangwa hivi: 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Zile 9 za Sora: 11, 12, 14, 16, 18, 21, 24, 28, 32. Tazama pengo la kutoka 15 hadi 18. Uko tambarare, upepo unakupiga usoni, unazungusha mara 75 kwa dakika na mapaja yameanza kuwaka. Unabonyeza gia nyepesi moja, na kwa mwendo ule ule miguu inatakiwa iruke hadi mara 90. Ghafla unapepesuka juu ya kiti kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Kwa Sora, kutoka 16 kwenda 18, ungetoka 80 ukafika 90. Anayeendesha peke yake atapunguza mwendo kidogo na kusahau. Anayeendesha na kundi, ambako mwendo unapangwa na aliye mbele, ataliona pengo lile kila safari. Kwa hiyo gia ya tisa ina maana, ila maana yake ni utulivu wa miguu tambarare, na si nguvu.

Kwenye breki, mabishano ya waendesha baiskeli yanakaribia ya dini, na kila upande una ukweli wake. Mashindano ya kulipwa yenyewe yalisuasua: Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilianza majaribio ya diski mwaka 2015, likayasimamisha 2016 baada ya ajali katika mbio za Paris-Roubaix, likaziruhusu moja kwa moja Julai 2018. Hata baada ya ruhusa hiyo, Egan Bernal alishinda Tour de France ya 2019 kwa breki za rimu, na mwaka 2021 Chris Froome, mshindi wa Tour mara nne, alilalamika hadharani kwamba diski zinagusagusa pedi na kupiga kelele. Lakini timu zile zina fundi ndani ya kila gari na magurudumu ya akiba juu yake. Sisi tunasukuma wenyewe hadi nyumbani, kwa hiyo ushahidi wa mabingwa naupokea kwa kiasi.

Breki ya rimu ni kitu cha kupendeza kwa usahili wake. Raba mbili, waya mmoja, na unaona kwa macho kila kinachotendeka. Pancha ikikupata, unalegeza kalipa, yaani koleo la breki, unachomoa gurudumu, unaliweka upande, unaendelea na kazi. Raba zikiisha unabadilisha kwa ufunguo mmoja. Mtu anayetaka kujifunza ufundi wa baiskeli hatapata mwalimu mwema kuliko huyu.

Ila gurudumu lenyewe ndilo linaloliwa. Chomoa raba ya breki iliyotumika msimu mmoja wa mvua uigeuze: utakuta vipande vidogo vya alumini vinang'aa ndani yake kama magamba ya samaki. Hivyo ni rimu yako. Mimi huvichokoa kwa ncha ya sindano, maana visipotolewa vinaendelea kukwangua. Rimu nyingi zina mfereji mwembamba au vitundu vya kuonyesha uchakavu; alama ikitoweka, gurudumu limekwisha hata kama spoku zote zimekaza. Na rimu ikilowa, unabana mara ya kwanza na hakuna kinachotokea. Raba inafuta maji kwanza, gurudumu linazunguka tena, ndipo inashika. Kwenye mteremko wenye kona, huo mzunguko mmoja ni mrefu sana.

Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na maji na tope la barabarani, na inashika mapema hata kwenye mvua. Rimu ikipinda kidogo kwa kuingia shimoni, breki haijali. Kwa hayo tu wengi hufunga mjadala, nami nusura nifunge. Lakini diski za baiskeli hii zinavutwa kwa waya, hazina mafuta. Claris na Sora hazitengenezwi na mikono ya breki za mafuta. Kati ya ngazi hizi za chini za Shimano, ni Tiagra, iliyo juu ya Sora, yenye mikono hiyo. Kwa hiyo anayesikia "diski" akakumbuka breki laini za baiskeli ya rafiki yake ya bei mara mbili, atashangaa. Breki nyingi za waya za bei nafuu husukuma pedi moja tu. Hiyo inaikunja diski kidogo hadi iigonge pedi ya pili. Hufanya kazi, lakini mkono unahisi uzito, na pedi zikipungua hazijisogezi zenyewe. Lazima ukaze waya, na ile pedi isiyosogea uisogeze kwa ufunguo. Mtu asipofanya hivyo mkono wa breki unashuka taratibu hadi unakaribia kugusa usukani, naye anasema diski ni mbaya.

Jambo jingine ambalo maduka hayasemi: mafuta ya kupuliza ya cheni yakitua kwenye diski, pedi zinayanywa, na kuanzia hapo breki inapiga kelele kama mbuzi na haishiki. Diski utaisafisha, pedi mara nyingi zinaishia kutupwa. Nimeyafanya mwenyewe, kwa mkono wangu, siku ya pili ya kumiliki baiskeli.

Kwa hiyo ukilinganisha breki ya rimu nzuri na diski ya waya ya kawaida, siku ya jua, tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Kinachonivuta upande wa diski ni tairi. Kalipa ya breki ya rimu inalikumbatia tairi kwa juu, na kwenye fremu nyingi za kundi hili nafasi inaishia milimita 25, au 28 ukibahatika. Diski imeondoa kalipa hapo juu, fremu ikapanuliwa. Specialized Allez, jina la tangu 1981 na kwa miaka mingi mfano wa baiskeli ya kwanza ya barabarani, ilipotoka upya 2022 ilikuja na diski na nafasi ya tairi za milimita 35, pamoja na matundu ya kufungia madigadi.

Zamani tuliambiwa tairi nyembamba iliyojazwa hadi iwe ngumu kama jiwe ndiyo yenye kasi. Tairi mbili za aina moja zikijazwa upepo sawa, sehemu ya ile pana inayogusa barabara huwa pana zaidi na fupi zaidi, na upotevu wa nguvu unapungua badala ya kuongezeka. Isitoshe, ile pana haihitaji upepo sawa. Mtu wa kilo 70 anayejaza tairi ya milimita 25 hadi karibu psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 85 au 90 anaweza kushusha ya 32 hadi karibu 60 na asigonge rimu. Kwenye lami yenye mabaka, ile ngumu inarusha baiskeli na mtu juu, na kila kurushwa ni nguvu iliyopotea. Shika usukani wa tairi ngumu kwa saa mbili kwenye barabara ya kokoto zilizomwagiwa lami, kisha jaribu kufungua kifuniko cha chupa. Vidole vinakataa.

Kuhusu ile kilo moja ya uzito, hesabu ni fupi. Mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 10 ni kilo 80. Kilo moja zaidi ni asilimia 1.25. Kwenye mlima wa dakika 20 atachelewa kama sekunde 15. Anayeshindana, sekunde 15 ni ushindi au kushindwa. Asiyeshindana atazipoteza akinywa maji kileleni.

Sasa rudi kwenye swali la mdogo wangu uligeuze: baada ya miaka miwili, akichoka na alichonunua, atabadilisha nini? Mwenye Claris anaweza kupanda hadi sproketi 9. Habu (kitovu cha gurudumu) ile ile ya nyuma ya Shimano inayopokea sproketi 8 hupokea pia 9 na 10. Atanunua mikono ya gia, sproketi na cheni, labda na kibadilisha gia cha nyuma. Ni fedha, lakini inawezekana. Mwenye fremu ya rimu hawezi kuifanya ya diski. Haina mahali pa kufungia kalipa ya diski, foki ni nyingine, na hata upana wa habu ya nyuma ni tofauti: milimita 130 kwa rimu, na kwa kawaida 142 kwa diski za ekseli ya kupenyeza. Wala hawezi kuipanua ili tairi ya 32 ipite. Gia zinafungwa kwenye fremu na kufunguliwa. Nafasi ya tairi na sehemu ya breki ni fremu yenyewe, na fremu ndiyo aliyoinunua.

Kwa hoja hiyo nilimwambia achukue ya pili, yenye gia 16. Anaendesha kwenda kazini mvua au jua, barabara zake si za kioo, na kundi la mbio bado hana.

Yuko mtu ambaye ningempa jibu jingine. Anayeishi kwenye ukavu na milima, mwenye mgongo unaokunjika bila malalamiko, anayejiandaa kwa mbio na anapenda kutengeneza vitu vyake mwenyewe, huyo achukue ya rimu na Sora yake, na asijione amebaki nyuma. Akiinunua mkononi mwa mtu, atapata bei nzuri zaidi kwa sababu soko limekimbilia diski. Apitishe tu ukucha ubavuni mwa rimu kabla ya kulipa, akihisi bonde aombe punguzo la magurudumu mapya.

Kabla ya kulipa nilimtaka afanye jambo moja. Namba ya saizi iliyobandikwa kwenye fremu haiaminiki. 54 ya huyu si 54 ya yule. Kwenye jedwali la vipimo vya kila baiskeli, atazame kimo na umbali kutoka kwenye ekseli ya kreniki hadi kilele cha bomba la mbele la fremu. Milimita 20 za kimo ndizo hutenganisha shingo iliyotulia na shingo inayouma kwenye kilomita ya 40. Shingo ya usukani, kile kipande kinachoushikilia, unaweza kuibadilisha kwa sentimita moja au mbili. Fremu ndefu kuliko mwili wako haifupishwi. Kwa hiyo kama ile ya diski imebaki saizi kubwa pekee, na ile ya rimu ipo inayomkaa, basi achukue ya rimu, na yote niliyoandika hapo juu kuhusu tairi ayaweke kando.

Alinijibu asubuhi: "Zipo zote mbili saizi yangu. Lakini ya 16 ni ya rangi ya machungwa." Hapo sikuwa na jedwali.