Sahihi Mbili, Kiwanja Kilekile

Robert Morris ndiye aliyeshika hazina ya Marekani kuanzia 1781 hadi 1784, vita vya uhuru vikielekea ukingoni. Noti za taifa zilipokuwa kama makaratasi tu, hati zenye jina lake zilipokelewa bila maswali. Februari 1798 mtu huyohuyo akatiwa katika gereza la wadaiwa la mtaa wa Prune, Philadelphia, akidaiwa karibu dola milioni 3. Mbia wake katika ulanguzi wa ardhi, John Nicholson, naye alifungwa, akafia kifungoni 1800. Nani aliwaponza?

Wanaomtetea Morris humnyooshea kidole mbia wa tatu, James Greenleaf, kijana wa Boston aliyejinadi kwamba matajiri wa Amsterdam anawajua kwa majina. Desemba 1793 watatu hao walikubaliana na makamishna wa mji mpya wa Washington kuchukua viwanja 6,000, dola 80 kila kimoja, walipe kwa miaka saba bila riba na kila mwaka wajenge nyumba 20 za matofali. Fedha ingetoka Uholanzi. Januari 1795 jeshi la Ufaransa likaingia Amsterdam, na mkopo ukaishia hapo. Morris akalalamika kwamba hata kile kidogo kilichopatikana Greenleaf alikigeuzia shughuli zake.

Utetezi huu si wa kupuuzwa. Mnada wa kwanza wa viwanja vya Washington, 1791, haukuuza hata viwanja 40. Bila walanguzi wa kununua kwa mkopo, makamishna wangemuuzia nani vichaka vile? Na si kila kitu kilikuwa hewa: nyumba nne za Wheat Row, zilizojengwa na kundi hilo, zimesimama hadi leo.

Lakini zitazame hati zao za ahadi ya malipo. Morris anaandika kwamba atamlipa Nicholson dola 1,000. Nicholson anatia sahihi nyuma, naye anakuwa mdhamini. Kesho wanabadilishana: Nicholson ndiye mdaiwa, Morris ndiye mdhamini. Mfanyabiashara anayepokea anaona majina mawili makubwa, anatulia. Kumbe mali ya huyu na ya yule ni moja, viwanja vilevile ambavyo havijalipiwa. Mdhamini wa namna hiyo hadhamini kitu. Hati za aina hii zilifika kiasi cha dola milioni 10, zikaporomoka hadi senti 15 kwa dola, kisha chini zaidi.

Wala hawakukoma walipoona dalili. Mwaka 1795 walianzisha kampuni yenye ekari milioni 6 katika majimbo sita, sehemu kubwa ikiwa ardhi ya misonobari na mchanga huko Georgia, wakawaahidi wenye hisa gawio la asilimia 6 kila mwaka. Pori halizai asilimia 6. Halizai chochote mpaka apatikane wa kulilima, na kodi yake haingoji. Magharibi ya New York, Morris alikuwa amewauzia Waholanzi ardhi mwaka 1792 na 1793. Waseneca, wenyeji wa asili na wenye nchi yao, walikubali kuiachia Septemba 1797 tu, kwa dola 100,000. Wanaomhurumia hulipita jambo hili haraka mno.

Kwangu mimi, Greenleaf ana dhambi zake, ila hatoshi kuwa sababu. Walipotaka kuachana naye mwaka 1796, Morris na Nicholson walinunua hisa zake kwa zaidi ya dola milioni 1, na malipo yenyewe yakawa hati zilezile za kudhaminiana! Unamfukuza mtu unayemwita tapeli, na papo hapo unamfanya mdai wako. Hilo halikuletwa na jeshi la Ufaransa.

Gerezani, inasimuliwa, Morris aliuzunguka ua mara hamsini kwa siku, kila mzunguko akidondosha kokoto asipoteze hesabu. Alitoka Agosti 1801 kwa sheria mpya ya kufilisika, mikono mitupu. Kilichomlisha mpaka kifo chake 1806 ni dola 1,500 kwa mwaka ambazo kampuni ya Waholanzi ilimlipa mkewe, Mary: ili hati za ardhi ya New York ziwe safi, ilibidi mama huyo atie sahihi kuachia haki yake ya mke katika ardhi hiyo.