Ndiyo, Niliitembeza Baiskeli

Nilituma picha moja tu kwenye kundi la ukoo: mimi, baiskeli, lava nyeusi tii, na nyuma yangu Etna, ile volkano ya kisiwa cha Sicilia, Italia, ikifuka moshi. Hazikupita dakika tano, binamu yangu wa Morogoro akajibu, "Kaka, ulikwenda kuiendesha au kuitembeza?" Vicheko vikamiminika. Hata shangazi, ambaye hajakalia tandiko la baiskeli maisha yake yote, naye akacheka.

Kwenye kundi nilinyamaza kwa adabu. Hapa sinyamazi.

Njia yenyewe inaitwa Altomontana. Inauzunguka mlima upande wa magharibi hadi kaskazini, juu ya mita 1,400, nayo ni ya kuanza asubuhi na maji ya kutosha. Ndani ya msitu wa misonobari mambo ni mteremko: gia nyepesi, kivuli, unapiga mluzi. Mara msitu unakatika kana kwamba umefyekwa kwa panga, na mbele yako umelala mto wa mawe. Lava ile ina meno. Ukiikanyaga inalia kama chupa zilizopasuka. Palipo na changarawe nyeusi tairi la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe, na wewe unajikuta umeukumbatia mlima. Kiwiko changu cha kushoto ni shahidi.

Mwenye akili hapo hufanyaje? Anashuka.

Kwetu nyumbani wauza mkaa wanasukuma baiskeli zao kupanda vilima kila alfajiri, magunia yamefungwa kwa mpira, na binamu yangu huyo huyo ananunua kwao. Sijawahi kumsikia akiwauliza kama wanaendesha au wanatembeza. Kumbe aibu ni ya aliyevaa kofia ngumu na suruali ya kubana tu.

Tena ukishuka ndipo unaona. Unaona ule utando wa kijivu unaotangulia kushika lava kabla mmea wowote haujathubutu. Unaona mibetula ya Etna, miti ambayo haioti kwingine duniani, magome meupe kando ya jiwe jeusi. Upande wa kaskazini kuna lava iliyoanza kumwagika 1614 ikakoma 1624, miaka kumi mfululizo, na sehemu kubwa ya huko juu bado ni mawe matupu. Karne nne! Mimi nikimbilie wapi? (Wasicilia waliuita mlima huu Mongibello. Ndani yake mna jabal ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi jabali, na mwanzo wake ni mlima kwa Kilatini. Mlima-mlima. Aliyeuona hashangai.)

Kabla ya kibanda cha Galvarina, kijana mmoja mwenye baiskeli ya betri alinipita nikisukuma. Akaninyanyulia kidole gumba, kwa huruma, kama unavyomfanyia mgonjwa. Nakubali, shingo upande, kwamba betri zimewafikisha huku wazee ambao wasingefika. Huyu hakuwa mzee.

Nilimkuta mbele kidogo amekaa chini. Lava ilikuwa imelichana tairi lake ubavuni, upana wa kidole, na tyubu imechungulia na kupasuka. Tyubu ya akiba alikuwa nayo, lakini ukiitia hivyo hivyo inatokea pale pale penye mpasuko. Fundi wetu wa mtaani, chini ya mwembe, hutia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Mimi nilikuwa na karatasi ya biskuti. Nikaikunja mara nne, nikaibana ubavuni, tukajaza upepo pole pole, yeye akipampu na mimi nimeshikilia kwa gumba. Ikashika.

Aliniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama sasa anaweza kwenda kasi. Nikamwonyesha lava iliyokuwa mbele yetu. Tukaivuka wawili, kila mtu anatembeza yake.