Kinamasi husafisha nini, na kwa muda gani?

Hoja kwamba vinamasi na udongo viachiwe kazi ya kusafisha maji machafu ya chini ya ardhi ina msingi. Ndani ya matope ya mafunjo, ambamo oksijeni ni haba, bakteria hupumua kwa kutumia nitrati badala ya oksijeni; nitrati, chumvi yenye naitrojeni, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye vyoo vya shimo, na kuigeuza kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea angani. Udongo mwekundu wa vilima vya Kampala nao, kwa wingi wa oksaidi za chuma, hunasa fosfati, chumvi yenye fosforasi. Tathmini ya mwaka 1999 ilikadiria kuwa kazi ya usafishaji inayofanywa na kinamasi cha Nakivubo, jijini Kampala, ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na 1.75 za Marekani kwa mwaka.

Kinachosahaulika ni mahali ambapo kazi hiyo hufanyika. Chemchemi nyingi za Kampala hububujika kwenye vitako vya vilima, kabla maji hayajafika kinamasini, na njiani yamepita kwenye udongo wenye hewa ambamo nitrati hupenya bila kizuizi. Kwa hiyo kinamasi hulinda Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambako mitambo ya maji ya Ggaba huvuta maji ya jiji, kuliko kinavyolinda jerikeni la mama anayechota chemchemini. Hata ulinzi huo hudhoofika pale maji yanapopita mbio ndani ya mfereji badala ya kusambaa taratibu kati ya mizizi, na pale mafunjo yanapofyekwa ili kupanda magimbi.

Metali ni suala zito zaidi. Huko Kilembe, karibu na Kasese, uchimbaji wa shaba uliacha marundo ya masalia ya mawe yaliyosagwa yenye shaba na kobalti kando ya mto Nyamwamba, unaoelekea Ziwa George. Kinamasi huweza kuzifunga metali hizo kwenye matope, zikiungana na salfaidi (misombo ya salfa), lakini hakiziangamizi. Kikikaushwa, hewa huingia, salfaidi hugeuka asidi, na metali huyeyuka tena majini. Anayekabidhi kinamasi sumu ya aina hii anaahidi kwamba hakitakaushwa kamwe, na sioni ni nani nchini Uganda anayeweza kutoa ahadi hiyo: Katiba ya 1995, ibara ya 237, inaitaka serikali ishikilie vinamasi kwa amana ya wananchi, ilhali takwimu rasmi zinaonyesha vilipungua kutoka asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 hadi 10.9 mwaka 2008.

Ndiyo maana naiunga mkono njia hii kwa nitrati na vijidudu, mradi vyoo vilivyo juu ya chemchemi vinyonywe kwa wakati na mafunjo yarudishwe. Kwa masalia ya Kilembe, kazi ya kwanza ni kuyazuia yasimomonyoke mtoni.