Kwadi ilisimama, mimi nikaendelea

Mtu aliyeendesha boda pale Likoni, akabeba magunia ya mkaa na mama mkwe wa watu kwa safari moja, hawezi kutishwa na kwadi ya kukodisha, ile pikipiki ya magurudumu manne ya kuchezea mchangani. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia wenzangu njia nzima kutoka Dubai mpaka Badayer, kule Sharjah kwenye michanga myekundu. Leo mtajua hamjui!

Tulikuwa mimi, jamaa wa Tanga ninayekaa naye chumba kimoja, na dada mmoja Mganda wa kazini ambaye hata baiskeli hajawahi kuendesha.

Mwenye kwadi akauliza, manyuali au oto? Mtanga akarukia Raptor, manyuali yenye gia tano za mguu na klachi ya mkono, eti oto ni ya watalii na wazee, na ukishuka mlima manyuali unaipa gia ndogo injini inakushikilia yenyewe. Hapo kwa kweli ana pointi. Lakini mimi nikapiga hesabu ya kupanda: mchanga sio lami bwana, kule kasi ikikatika kidogo tu wakati umebana klachi unatafuta gia, matairi yanajichimbia na safari imeishia hapo. Oto ina belti, inajipangia yenyewe, wewe ni kusukuma mafuta na kidole gumba basi. Nikachukua Grizzly ya oto, yule dada naye hivyo hivyo, na nguvu wala hatukupoteza, zote tatu injini ni cc 686.

Sasa oto haina klachi. Ile ya mkono wa kushoto, pale klachi ya boda inapokaa, ni BREKI. Kichwa changu kilijua hilo vizuri kabisa, ni mkono ndio haukuhudhuria kikao.

Nikalivamia tuta kubwa, mafuta yote, nakaribia kileleni injini inalia ile sauti ambayo kwenye boda ni lazima uiongeze gia, basi mguu wa kushoto ukaanza kutafuta pedeli ya gia unapapasa bati tupu, na mkono wa kushoto ukavuta "klachi" kwa vidole vyote vinne, roho safi.

Kwadi ikasimama. Mimi sikusimama.

Nikapita juu ya usukani nikaliona tuta upande wa pili kwa karibu sana, mchanga puani, masikioni, ndani ya soksi sijui uliingiaje, helmeti imegeuka naangalia dunia kupitia tundu la sikio. Kujiinua namwona Mtanga kwenye tuta la jirani, Raptor imezimika katikati wakati anaitafuta gia ya pili na sasa inarudi kinyumenyume naye ameng'ang'ania breki kama mtu anayeshikilia mlango wa choo usio na komeo.

Yule dada akatupita katikati yetu polepole, kidole gumba cha kulia kwenye mafuta, mkono wa kushoto hauna kazi kwa hiyo umeshika simu anarekodi.

Mwenye kwadi akaja mbio, akanipita pale chini, akakagua bampa, akakagua usukani, ndio akanigeukia na kuniuliza kama breki zinashika vizuri.

Video ilifika Likoni kabla sijamaliza kukung'uta masikio. Mama akapiga: "Mwanangu, si uliniambia huko kazi yako ni kulinda mlango?"